Punje Mbili za Mama Nabintu

Siku mliyoniaga pale ofisini Richfield nilipostaafu kuongoza wasafiri, mkanilisha keki yenye krimu ya buluu ambayo mpaka leo sijui ilitengenezwa kwa kitu gani, Sharon aliniuliza swali mbele ya watu wote. Sharon ni yule binti anayesoma chuoni na kufanya kazi kwetu siku mbili kwa wiki, na ulimi wake hauna breki. "Auntie Kageha, be honest," akasema, "hii miaka yote ume-lead watu, ushawahi ku-lose mtu? Hata mmoja?" Nikasema hapana. Mkapiga makofi, nami nikaendelea kukata keki.

Jibu lile lilikuwa kweli, ila lilikuwa fupi mno. Nimeamua kuwaandikia lililobaki, kwa sababu nyinyi ndio mtakaosimama kwenye milango ya mabasi niliposimama mimi. Mkimaliza kusoma mnaweza kusema mama ameanza kuchanganyikiwa. Semeni polepole tu, maana masikio yangu bado mazima.

Nianze na kopo. Wengi wenu mmeliona: kopo la majani ya chai lililobabuka rangi, lenye maharagwe ya nyayo ndani, yale makubwa mekundu. Kuna aliyedhani ni kayamba la kuwaitia wasafiri. Kuna aliyeniuliza kama ni chakula cha dharura. Afisa mmoja wa uwanja wa ndege aliyamwaga mezani, akayatazama, akaniuliza nayafanyia nini maharagwe machache hivyo. Nikamwambia nahesabia watu. Akayarudisha moja moja, akaniashiria nipite.

Kazi hii nilifundishwa na Darlene, mama wa Roseville mwenye miguu mirefu na subira fupi. Kabla hajaniruhusu kupeleka watu ng'ambo, alinikabidhi wazee kumi na wawili niwazungushe kwenye lile jengo kubwa la maduka la Bloomington, ambalo ukitokea mlango ambao hukuingilia, gari lako utalipata kesho. Alisema nikiweza kuwatoa wazee wote mle ndani nitaweza kuwatoa popote duniani. Nilitoka na kumi na mmoja. Wa kumi na mbili tulimkuta baada ya saa nzima kwenye kiti cha umeme cha kukanda mgongo, amelala mdomo wazi, kiti kinamtikisa, na wapita njia wakidhani ni tangazo la biashara.

Darlene hakunigombeza. Alinionyesha namna ya kuhesabu. Alisimama mlangoni pa basi, akanyoosha kidole, akaanza kuvipitia vichwa vya wale wazee: mmoja, wawili, watatu. Kwetu Maragoli, magharibi mwa Kenya, mtu hahesabiwi kwa kidole. Nyanya yangu hakuhesabu hata kuku wake, sembuse wajukuu. Jioni aligawa vipande vya viazi vitamu, kila mtoto na kipande chake mkononi, na kipande kikibaki kwenye ungo alijua kuna mtoto hajarudi. Hapo alitoka nje gizani, akamwita kwa jina mpaka aitike. Alituambia kwamba ukimhesabu mtu, kuna kitu unakionyesha mahali alipo. Hakusema ni kitu gani, na sisi hatukuuliza.

Basi nikabuni njia yangu. Asubuhi kila msafiri namwekea punje moja ya haragwe mkononi. Akipanda basi anaitia kwenye kopo. Nahesabu maharagwe, watu nawaacha kama walivyo. Tukishuka mji unaofuata, nagawa tena. Darlene aliposikia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za basi. Alipomaliza kufuta macho akaniambia neno ambalo nataka mliandike mahali: "Sawa, tumia maharagwe yako. Lakini haragwe si mtu. Anayekupa haragwe, mtazame usoni."

Najua sasa mna simu zenye ramani, na kila msafiri ni kitone cha buluu kinachotembea. Hongereni. Mimi niliwahi kufuata kitone cha bwana mmoja kwa saa mbili Lisbon. Kilikwenda mashariki, kikarudi, kikapita daraja. Kumbe simu ilikuwa kwenye teksi, na bwana mwenyewe yuko kwenye baa mkabala na hoteli, anatupungia mkono kila tunapopita mbio. Kitone nacho si mtu.

Miaka mingi nilimtii Darlene. Siku moja sikumtii.

Ilikuwa ile safari ya kaskazini mwa Uhispania, mwezi wa kumi, na kwaya ya wamama ishirini na wawili. Walikuwa Wakongo wa kanisa moja la Saint Paul, wengi wao watu wa kando ya Ziwa Kivu, waliokaa kambini miaka kabla ya kuletwa Minnesota. Ndiyo mara ya kwanza walikuwa wanasafiri kwa pasipoti zao wenyewe. Kule uwanjani kila mmoja aliifungua yake kila baada ya dakika kumi kuhakikisha sura bado imo. Mdogo kuliko wote alikuwa kiongozi wao, Mama Espérance, naye alikuwa na wajukuu watano. Walialikwa kuimba Bilbao, na katikati ya ratiba kulikuwa na siku moja ya mapumziko. Tukakodi basi tukatembelee miji ya pwani: Getaria, Zumaia, Lekeitio na Bermeo, halafu kurudi hotelini. Dereva alikuwa Iñaki, mtu wa maneno machache, na mwenyeji wetu alikuwa Amaia, mwanamke wa huko huko aliyesimulia kwa Kiingereza nami nikawatafsiria.

Asubuhi nilipogawa punje nikamfikia Mama Nabintu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwimbaji wa sauti ya tatu, ile ya chini. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Dada, unipatie mbili."

"Ya pili ya nani, Mama?"

"Ya mutoto."

Nikaangalia pande zote. Hapakuwa na mtoto. Wenzake wakaanza kuangalia viatu vyao. Mama Espérance akanigusa kiwiko. "Umupatie tu, Dada. Njo vile tunafanyaka." "Njo" yao ni "ndiyo" yetu.

Nikampa. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na si kosa ambalo Darlene angelifanya. Yeye angeuliza maswali kumi na kuandika majibu. Mimi nililelewa kutomnyima mama wa umri ule kitu anachokiomba kwa mikono miwili, tena kitu chenyewe haragwe. Nikajiambia atatia moja tu, ile nyingine abaki nayo, hesabu haitaharibika.

Kwenye basi alikaa kiti cha upande wa njia, mkoba wake akauweka kiti cha dirishani. Nikamshauri ahamie dirishani aione bahari. "Hapa ni sawa," akasema, na mkono wake ukabaki juu ya ule mkoba njia nzima.

Getaria ilitupokea kwa harufu ya samaki. Kule wanachoma nje, barabarani kabisa, samaki mzima kwenye wavu wa chuma juu ya mkaa. Wamama walizunguka lile jiko wakikagua kazi. "Bila pilipili?" Mama Espérance akauliza kwa huruma, akatoa chupa yake kwenye mkoba. Mchomaji akaonja kwa ncha ya uma, akatoa machozi, akaomba abakishiwe kidogo. Tulicheka sana. Tuliporudi kwenye basi nikapokea punje: ishirini na mbili kamili. Mama Nabintu alitia moja, nyingine ikabaki kiganjani.

Zumaia kuna majabali yaliyosimama tabaka juu ya tabaka, na chini yake maji yalikuwa yameondoka yakaacha mawe meusi matupu. Amaia akaeleza kwamba bahari ile huondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Wamama wakashangaa. Ziwa lao haliendi popote, asubuhi liko na jioni liko.

Mama Nabintu akanivuta kando. "Umuulize, ikirudi, inarudishaka vitu?"

Nikamuuliza Amaia. Akatabasamu akasema ndiyo, wakati mwingine mbao, wakati mwingine viatu. Nikatafsiri.

"Na batu?" akauliza.

Swali hilo la watu sikulitafsiri. Nilisema tunachelewa, nikaelekea kwenye basi, na moyo wangu haukutulia tena siku ile.

Njiani waliimba. Mnajua jinsi kwaya inavyoimba ikiwa haina wa kuitazama, bila kujitahidi, kila mtu akiangalia nje. Mama Espérance alikuwa nyuma yangu. Akainama akaninong'oneza, "Leo sauti ya tatu iko na nguvu sana."

"Ni samaki," nikamwambia.

Hakucheka. Akajiegemeza tena kwenye kiti chake, akasikiliza.

Lekeitio ina kisiwa kidogo mbele ya ufuo wake, karibu kiasi kwamba ungemwita mtu aliye kule akakusikia. Maji yakiondoka, njia ya mawe hujitokeza, unavuka kwa miguu. Yakirudi, njia huzama. Amaia alituambia juu yake kuna magofu, na kwamba zamani watu waliopatwa na tauni walipelekwa kukaa kule, wasiwaambukize wengine. Aliwaonyesha saa: ikifika saa kumi kila mtu awe ameshatoka. Nilitafsiri mara mbili. Wengine wakavuka na viatu vyao vya kanisani, Mama Nabintu nyuma yao, wengine wakaenda kuona kanisa kubwa, wengine wakafuata kahawa.

Saa tisa na nusu ukungu ukaja. Ulitoka baharini bila upepo, ukafunika kisiwa, ukafunika ufuo, ukaanza kupanda mitaani. Nyuma yake mvua. Wamama wakaja mbio na mifuko ya plastiki vichwani kuokoa nywele, wakisukumana na kucheka. Iñaki alikuwa amesimamisha basi pasiporuhusiwa, na basi jingine nyuma yetu lilikuwa linapiga honi bila kukoma. Dereva wake alishuka, Iñaki akashuka, wakaanza kutupiana maneno. Mimi nilikuwa mlangoni, mwavuli mkono mmoja na kopo mkono mwingine, na macho yangu yalikuwa kwa wale madereva wawili. Mikono ikapita mbele yangu, punje zikaanguka. Mkono mmoja uligusa vidole vyangu, umelowa na wa baridi mno. Nikafikiri ni mvua.

Nikahesabu maharagwe. Ishirini na mbili. Nikamwambia Iñaki twende.

Tulikwenda kama dakika kumi na tano, kona baada ya kona katikati ya miti, ukungu ukiwa umegusa vioo. Wamama wakaanza wimbo. Nawaandikia nilichosikia, wala siongezi kitu: sauti zote tatu zilikuwepo. Ile ya tatu, ya chini, ilitoka kule nyuma, safi kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyegeuka kuangalia. Mtu akisikia sauti ya jirani yake haulizi yuko wapi.

Kisha Mama Espérance, aliyekuwa akiongoza kwa mkono mmoja, akauacha mkono hewani.

"Ile si Nabintu," akasema.

"Si yake?"

"Njo sauti yake. Lakini ya zamani. Ya busichana."

Akasimama akageuka nyuma. Aliye karibu naye akageuka, akanyamaza. Wa nyuma yake akageuka, akanyamaza. Kimya kikaenda kikirudi nyuma safu kwa safu, na sauti ya mwisho kunyamaza ilikuwa ile ya tatu. Kiti cha Mama Nabintu kilikuwa kitupu. Kiti cha dirishani, ambako mkoba wake ulikaa siku nzima, kilikuwa kimelowa.

Sikumbuki nilimwambia nini Iñaki. Nakumbuka basi likigeuka kwenye njia nyembamba, matawi yakikwaruza ubavuni, na wamama wakiomba kwa sauti ndogo. Mama Espérance alikuja kukaa karibu nami. Alizungumza akiangalia mbele tu.

"Iko mutoto yake ya kwanza. Neema. Alikuwa anaimba na sisi. Siku ya kukimbia vita, tulifika kwa ziwa, pirogi iko moja. Mwenye pirogi akatuhesabu na kidole. Akasema iko mutu moja ya kuzidi, itazama. Neema akashuka. Akasema, 'Mama, enda, minakuya na ingine.'" Akatikisa kichwa. "Hakukukuyaka ingine."

Mtumbwi wa pili haukuja. Nikaliona kopo magotini mwangu na nikatamani kulitupa dirishani.

Ufuoni hatukuona kisiwa. Tuliona ukungu, na mwanzo wa njia ya mawe, na maji yanapita juu yake. Amaia aliwapigia watu wa uokoaji. Walisema dakika ishirini. Maji hayakusema dakika ngapi. Hapa, vijana, nawaandikia yaliyo sahihi: msafiri akinaswa na maji, msiingie, subirini wenye mashua na ujuzi wao. Mimi niliingia. Nilikuwa na goti bovu na sijui kuogelea, na nilijua kama yule mama angepotea nisingeweza kurudi Minnesota nikawatazama watu wake.

Maji yalinifika magotini. Nilikwenda nikipapasa mawe kwa miguu, nikimwita kwa jina, na ukungu ulilimeza jina lake papo hapo. Nilipofika upande wa pili nilimkuta amekaa kwenye kijiukuta, mkoba magotini, ametulia kabisa.

"Mama Nabintu, twende."

"Bisi haikuenda?"

"Ilienda. Imerudi."

Akakasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Munarudia nini? Hesabu haikutimia?"

"Ilitimia."

"Njo basi! Imetimia, muende. Yeye amepanda. Ile mara alibakia yeye. Leo njo nabakia miye."

Kisha akauliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Ulimuona?"

Nilitaka kusema neno la busara. Lililonitoka ni hili: "Niliona mkono."

"Iko namna gani?"

"Umelowa. Mwembamba." Na wakati nasema ndipo nilipoelewa nilichokigusa pale mlangoni. "Hauna mikunjo, Mama. Ni mkono wa msichana."

Akaanza kulia bila sauti. "Njo yake. Miye nilimupatia ile punje. Nikamwambia apande, asiogope."

Chini yetu maji yalikuwa yanapiga mawe, kila pigo karibu zaidi kuliko lililotangulia. Niliogopa maji, sikatai. Lakini niliogopa zaidi kurudi peke yangu kwenye lile basi, nikafunga mlango, nikaketi mbele huku nikijua nani amekaa nyuma. Na katika woga ule akili yangu ilishika jambo moja la kikazi, kwa sababu ndilo pekee nililolijua vizuri.

"Mama, basi letu lina viti thelathini."

Akaniangalia.

"Nyinyi ni ishirini na wawili. Viti vingine ni vitupu tangu asubuhi. Hakuna mtu wa kuzidi. Kwangu mimi hakuna anayeshushwa ili mwingine apande."

"Hapana wa kuzidi?"

"Hayupo. Yeye dirishani, wewe kando yake. Si ndivyo ulivyompangia mwenyewe?"

Aliyatazama maji. Halafu akafungua kiganja, akaitazama punje iliyobaki, akakifunga tena, akasimama, akanishika mkono.

Kurudi, maji yalitufika kiunoni. Nilipoteza kiatu kimoja, na hadi leo kingine ninacho, sijui kwa nini. Katikati ya njia wimbi lilimwinua Mama Nabintu miguu yote miwili, nikamshika kitambaa alichojifunga kiunoni, na sijui tungekwenda wapi kama Iñaki asingeibuka kwenye ukungu, maji kifuani, akatuvuta wote wawili bila kusema neno. Mashua ya uokoaji ilifika tukiwa tumeshakaa mchangani. Walinigombeza kwa lugha mbili, na nilistahili zote mbili.

Mlangoni pa basi Mama Nabintu alinipa punje yake. Safari hii nilimtazama usoni mpaka akatabasamu. Bermeo hatukwenda. Yeye alikaa upande wa njia, na kile kiti cha dirishani hakuna aliyekisogelea. Karibu na Bilbao wakaanza kuimba taratibu, na sauti ya tatu ilikuwa na watu wengi kuliko waimbaji wake. Nilikaa mbele nikitetemeka ndani ya blanketi. Sikugeuka nyuma.

Kwenye ripoti niliandika kwamba msafiri mmoja alichelewa na akarudishwa salama. Darlene aliisoma, akaniuliza, "Ulimtazama usoni?" Nikasema hapana. Alinimiminia kahawa, na mkono wake ulikuwa mzito begani kwangu.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Kabla yake kulikuwa na ile jioni tuliyotua Minneapolis, na basi la kanisa limekuja kutuchukua na shemasi kwenye usukani. Kazi yangu kisheria ilikuwa imekwisha. Hata hivyo niligawa punje pale kwenye mizigo, na nilipofika kwa Mama Nabintu sikusubiri aombe. Nilimpa mbili.

Nikasimama mlangoni. Baridi ilikuwa inakata masikio. Nilimtazama kila mama usoni, nikalitamka jina lake alipokuwa akitia punje. Wote ishirini na wawili wakaingia, hakuna uso nisioujua. Kisha kutoka ndani nikamsikia Mama Nabintu, "Dada, amepanda?"

Katika kazi hii usiseme kamwe mtu amepanda kama hujauona uso wake. Niliona njia ya waenda kwa miguu, taa, watu wanasukuma mizigo yao.

"Bado, Mama," nikasema.

Shemasi akageuka. "Dada, funga basi mlango! Chauffage, joto yote inaenda nje!"

"Ngoja."

Nilishuka. Nililinyoosha kopo mbele, nikainua macho hadi pale ambapo uso wa msichana mrefu ungekuwa, nikaita kama nyanya alivyokuwa akiita nje ya nyumba yetu. "Neema! Ingia ndani, mama anakungoja. Nafasi ipo." Mzungu mmoja mwenye begi jekundu alinitazama, akaharakisha hatua. Niliita mara ya pili. Sikuona kitu, sikusikia kitu, ila baridi ilinipita upande wa mkono wenye kopo, na ikawa imepita.

Nilipogeuka, Mama Nabintu alikuwa anauondoa mkoba wake kwenye kiti cha dirishani. Akauweka magotini. "Ufunge, Dada," akasema.

Nikafunga.

Nyumbani Richfield nilimwaga maharagwe kwenye meza ya jikoni kabla hata ya kuvua koti. Yalikuwa ishirini na matatu, na moja lilikuwa limelowa. Mnaweza kusema Mama Nabintu alitia zote mbili. Huenda. Mimi nilikuwa namtazama usoni, sikumtazama mkono.

Kopo liko ofisini, kwenye rafu ya juu, nyuma ya ramani. Sharon, lichukue wewe. Na ukiulizwa na watakaokuja, uwaambie Kageha hakuacha mtu. Hata mmoja. Hata yule aliyeachwa kabla sijapewa kazi ya kumsubiri.